Kontena la futi 20 halifiki futi 20

Chukua tepu ya fundi, nenda kwenye kontena lolote la futi 20, liwe la bandarini au lile lililogeuzwa duka la vipuri mtaani kwenu, ulipime kutoka kona hadi kona. Hutapata futi 20. Utapata mita 6.058, yaani futi 19 na inchi 10 na nusu. Lipime na la futi 40: hilo linatimia, mita 12.192 kamili. Inchi moja na nusu inayopungua kwenye lile dogo si kosa la kiwanda. Iliondolewa kwa makusudi na watu waliokaa mezani zaidi ya miaka 60 iliyopita, wakibishana kuhusu malori na barabara za Marekani. Uamuzi wao ndio unaopanga hadi leo ni magunia mangapi ya kahawa yataingia kwenye sanduku moja, na ni lori gani litakalowekwa pembeni kwenye mizani ya Vigwaza au Mariakani.

Kabla ya sanduku hilo, kilichopanda melini kilipanda kimoja kimoja: gunia, pipa, kreti, robota, furushi. Meli ilifunga gatini, makuli wakateremka ngamani, na kila kitu kikapita kwenye mabega au kwenye wavu wa kamba ulioning'inia kwenye kreni. Dar es Salaam na Mombasa ziliishi kwa mabega hayo. Ndiyo maana makuli walipoweka mikono chini, nchi nzima ilihisi. Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakarudia 1943 na 1947; Mombasa mgomo mkuu wa Januari 1947 uliwaunganisha makuli na wafanyakazi wa reli, serikali ya kikoloni ikalazimika kuwasikiliza. Nguvu ya watu hao ilitokana na ukweli mmoja tu: hapakuwa na njia nyingine ya kushusha mzigo.

Mwaka 1954 Wamarekani waliamua kuhesabu gharama ya njia hiyo. Waliifuatilia meli moja ya mizigo iitwayo Warrior, iliyotoka Brooklyn kwenda Bremerhaven, Ujerumani. Ilikuwa na tani 5,015 za shehena. Tani hizo zilikuwa vitu 194,582 vilivyo mbalimbali, vimetoka miji 151, na kila kimoja kilipaswa kushikwa, kupangwa, kufungwa kwa kamba, kuegemezwa kwa mbao. Mbao na kamba peke yake ziligharimu dola 5,031. Safari ya baharini ilichukua siku kumi na nusu, na kupakia na kupakua kukala karibu siku nyingine kumi. Waliposoma hesabu waliona kwamba bahari ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei. Fedha nyingi zilikuwa zimeachwa gatini, ncha zote mbili za safari.

Malcom McLean hakuwa baharia. Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la North Carolina, akaanza na lori moja, na kufikia miaka ya 50 alikuwa na kampuni kubwa ya malori. Alichokiona ni kwamba lori lake likifika bandarini linasubiri, na lori linalosubiri halilipi. Wazo la kwanza lilikuwa kupandisha matela mazima melini, magurudumu na yote. Kisha akaona magurudumu yanakula nafasi bure. Akayaondoa, akaacha sanduku. Mwaka 1955 alinunua kampuni ya meli ya Pan-Atlantic, akachukua meli kuukuu ya mafuta iliyobaki kutoka Vita Kuu ya Pili, akaijengea jukwaa juu ya sitaha. Tarehe 26 Aprili 1956 meli hiyo, Ideal X, iliondoka Newark karibu na New York kwenda Houston ikiwa na masanduku 58.

Masanduku yenyewe yalitoka kwa Keith Tantlinger, mhandisi wa kiwanda cha matela cha Brown huko Spokane. Aliwaambia kina McLean kwamba sanduku lake la alumini lina nguvu ya kutosha kubebwa na kupangwa jingine juu ya jingine. Alipowafuata kwenye karakana ya meli Baltimore, aliwakuta wakurugenzi wamepanda juu ya paa la sanduku la majaribio, wanarukaruka waone kama litabonyea. Halikubonyea. Waliagiza mengi.

Hesabu ya fedha ilitoka mapema. Kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida kwenye meli kuligharimu dola 5.83. Kwenye Ideal X wataalamu wa McLean walipata senti 15.8.

Lakini masanduku ya Ideal X hayakuwa ya futi 20 wala 40. Yalikuwa ya futi 33, kwa sababu urefu huo ndio ulioingia vizuri kwenye sitaha ya meli ile ya mafuta. Mwaka uliofuata McLean alileta meli ya Gateway City, iliyobeba masanduku 226 ngamani na juu ya sitaha, na sasa yalikuwa ya futi 35. Kwa nini 35? Kwa sababu barabara zilizokwenda bandarini mwake hazikuruhusu tela refu zaidi. Upande wa pili wa Marekani, kampuni ya Matson iliyohudumia Hawaii ilichagua futi 24. Malori ya California yaliruhusiwa kuvuta matela mawili ya urefu huo, na mtaalamu wao wa hesabu, Foster Weldon, alikuwa ameonyesha kwamba sanduku la kati ya futi 20 na 25 ndilo linalofaa kwa mananasi ya kopo na bidhaa za dukani za visiwani. Grace Line, iliyokwenda Venezuela, ikachukua futi 17 kwa sababu ya barabara za milimani zenye kona kali. Makuli wa Venezuela walipoyaona masanduku hayo mwaka 1960 walikataa kuyashusha. Walielewa haraka kilichokuwa kinawajia.

Kwa hiyo kila kampuni ilikata sanduku kwa kipimo cha barabara yake. Kreni ya mmoja haikuweza kunyanyua sanduku la mwingine, na meli iliyojengwa kwa ajili ya futi 35 haikuwa na pa kuweka futi 24. Mwaka 1958 serikali ya Marekani ilianza kuingiwa na wasiwasi. Ilikuwa inatoa ruzuku ya kujenga meli, na vita vikitokea ilitarajia kuzichukua meli hizo. Meli isiyoweza kubeba sanduku la jirani ingeisaidia nini jeshi? Kamati zikaundwa, na shirika la viwango la nchi hiyo likawa na kamati yake pia, chini ya mhandisi mstaafu wa kampuni ya alumini ya Alcoa, Herbert Hall.

Hall hakujua mengi kuhusu meli, lakini alipenda namba zinazogawanyika. Alipendekeza futi 10, 20, 30 na 40. Mawili ya 20 yakae mahali pa moja la 40, au moja la 30 na moja la 10, au manne ya 10, na meli, lori na behewa vyote vipangwe kwa nafasi ya futi 40. Upana ukawa futi 8, yaani mita 2.438, kwa sababu huo ndio upana ambao sheria za barabara za Marekani ziliruhusu kwa lori.

Hapa ndipo inchi yetu ilipokwenda. Masanduku mawili hayawezi kukaa bega kwa bega bila nafasi. Kreni inahitaji mwanya, na kufuli za kuyashika chini zinahitaji mahali pa kukaa. Wakaacha milimita 76, yaani inchi 3, kati ya sanduku na sanduku. Mita 6.058 mara mbili, ongeza milimita 76, unapata mita 12.192. La futi 10 likawa mita 2.991, na manne yake pamoja na mianya mitatu yanarudi palepale kwenye 12.192. La futi 40 pekee lilitimizwa, na mengine yote yalikatwa ili yakae ndani ya urefu wake. Ninaiheshimu sana hesabu hii. Ni sahili kiasi kwamba hakuna mtu bandarini anayeifikiria, na hiyo ndiyo dalili ya kazi iliyofanywa vizuri.

Aprili 1961 Marekani ilitangaza vipimo hivyo kuwa rasmi na kusema meli za ruzuku zijengwe kwa kuvifuata. McLean na Matson, wenye uzoefu kuliko wote, waliachwa nje: futi 35 haikuwamo, futi 24 haikuwamo. Walipinga kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliunda kamati yake ya makontena, na mwaka 1964 urefu wa 10, 20, 30 na 40 ukakubaliwa kimataifa.

Urefu peke yake hautoshi. Sanduku linanyanyuliwa kwa kona zake, na kona za kila kampuni zilikuwa na tundu la aina yake. Nenda tena kwenye lile kontena la mtaani uiangalie kona. Ni kipande cha chuma cha kumiminwa, kizito, kinachokaribia tofali: milimita 178 kwa 162 kwa 118. Juu kina tundu la mviringo mrefu, ubavuni yapo mengine. Kreni inapoteremka, fremu yake, ile wanayoiita spreda, inaingiza vichwa vinne vya chuma kwenye matundu manne ya juu. Vichwa vinazungushwa robo mzunguko na haviwezi tena kutoka. Kontena limeshikwa. Kufuli za namna hiyohiyo ziko kwenye tela la lori na kati ya kontena na kontena melini. Kifaa hicho alikibuni Tantlinger kwa ajili ya McLean, na hataza yake ilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 1963 Tantlinger, ambaye wakati huo alikwisha kuondoka, alimshawishi McLean aiachie, kila mtu aitumie bure. McLean alikubali. Alijua kwamba sanduku lake halingekwenda popote kama bandari za ng'ambo hazina kreni za kulishika.

Hata hivyo kona haikumalizwa hapo. ISO iliikubali mwaka 1965 kwenye mkutano wa The Hague, kisha majaribio yakaonyesha kwamba inapasuka ikibebeshwa mzigo mzito mno. Januari 1967, London, wahandisi wachache walijifungia wakapiga hesabu upya na kuongeza unene wa chuma. Makampuni yaliyokwisha kutengeneza maelfu ya masanduku yalilazimika kubadili kona zote. Wakati huo meli ya McLean iitwayo Fairland ilikuwa imekwisha kuvuka Atlantiki, baada ya kung'oa nanga Aprili 1966 ikiwa na masanduku 236 ya futi 35 kwenda Ulaya. Biashara haikuwa inasubiri kamati. Kufikia mwaka 1970 viwango vilikuwa vimekaa sawa, na dunia ikaanza kujenga bandari kwa kipimo kimoja.

Kimo ndicho kilichoendelea kukua. La kwanza la ISO lilikuwa na futi 8 kwenda juu. McLean alikuwa akitumia futi 8 na nusu, na hicho ndicho kimo cha kawaida leo, mita 2.591. Kisha likaja lile refu, mita 2.896, ambalo mawakala wa forodha wanaliita haikyubu, na sasa ndilo linalotawala kwenye futi 40. Amerika Kaskazini wana ya futi 53 yanayozunguka kwa reli na lori nchini mwao. Ulaya wana ya upana wa mita 2.5, kwa sababu paleti yao ya sentimita 80 kwa 120 haiingii mbili sambamba kwenye kontena la kawaida: zinahitaji mita 2.4, na ndani ya kontena kuna mita 2.35 tu. Sentimita 5 zimewagharimu Wazungu sanduku zima la aina ya pekee.

Uzito una historia yake, na kwangu mimi ndiyo historia inayotuhusu zaidi.

Simama mbele ya mlango wa kontena. Upande wa kulia juu kuna herufi nne zinazoishia na U, halafu namba sita, halafu moja ndani ya kisanduku. Herufi ndizo zinazomtaja mwenye mali, nazo huandikishwa kwenye ofisi moja iliyoko Paris. Chini yake kuna msimbo kama 22G1 au 45G1. Tarakimu ya kwanza ni urefu: 2 ni futi 20, 4 ni futi 40. Ya pili ni kimo: 2 ni kile cha kawaida, 5 ni haikyubu. Kisha zinafuata namba ambazo wengi wetu huzipita bila kuzisoma. MAX GROSS ni uzito wa juu kabisa wa kontena pamoja na mzigo wake, mara nyingi kilo 30,480. TARE ni uzito wa kontena tupu: kilo 2,200 hivi kwa futi 20, kilo 3,700 au zaidi kwa futi 40. Toa ya pili kwenye ya kwanza, unapata kilo za mzigo unazoruhusiwa kutia. Kuna pia kibati cha chuma kilichopigwa ripiti. Hicho kinatokana na mkataba wa usalama wa makontena uliotiwa saini Geneva mwaka 1972 na kuanza kazi 1977. Kinaeleza, pamoja na mengine, uzito ambao kontena linaweza kubeba juu ya kona zake. Kwenye vibati vingi utasoma kilo 192,000. Namba hiyo ni ya makontena manane ya tani 24 kila moja, yaliyopandana juu ya lile la chini kabisa.

Namba 30,480 inashangaza kwa sababu haiishii na sufuri za kutosha. Ni tani 30 za Kiingereza, zile za pauni 2,240, zilizogeuzwa kuwa kilo. Viwango vya mwanzo viliipa futi 40 tani 30 hizo na futi 20 tani 20, yaani kilo 20,320. Baadaye wenye mizigo mizito walisukuma. Kikomo cha futi 20 kilipandishwa hadi kilo 24,000, kisha mwaka 2005 hadi kilo 30,480, sawa kabisa na cha futi 40.

Matokeo yake ni jambo linalowachanganya wafanyabiashara wengi wanaoagiza mzigo kwa mara ya kwanza. Kontena la futi 40 lina nafasi mara mbili, mita za ujazo 67 dhidi ya 33, na haikyubu ina 76. Lakini halibebi uzito mara mbili. Yote mawili yakiwa na kikomo cha kilo 30,480, la futi 20 linabaki na kilo 28,000 na ushei za mzigo, la futi 40 linabaki na 26,700 hivi, kwa kuwa lenyewe ni zito zaidi. Dogo linabeba zaidi. Kwa hiyo magodoro, samani na plastiki huja kwenye futi 40. Vigae, misumari na marumaru huja kwenye futi 20. Kahawa nayo husafiri kwa futi 20: magunia 320 ya kilo 60 ni tani 19.2, na kontena limejaa vizuri bila kufika kikomo.

Shaba ya Katanga inayopita Tunduma kwenda Dar es Salaam inaonyesha upande wa pili. Tani 25 za shaba tupu zina ujazo usiofika mita 3. Ndani ya kontena lenye mita 33 ni tabaka tu la mabamba sakafuni, na juu yake hewa hadi kwenye paa. Mtu asiyejua akifungua mlango atadhani mzigo umeibwa. Lori lile linaloteremka mlima wa Kitonga polepole na kontena lenye hewa tele ndani ndilo limefika mwisho wa nguvu zake.

Uzito huu ulikuwa ukiandikwa kwa kuaminiana. Mwenye mzigo alisema ni tani 18, meli ikaandika 18 na kulipanga kontena lake mahali pa tani 18. Januari 2007 meli ya MSC Napoli, iliyokuwa ikielekea Afrika Kusini, ilipasuka ubavuni kwa dhoruba katika mlango bahari wa Uingereza. Mabaharia 26 waliokolewa kwa helikopta, meli ikavutwa hadi kwenye fukwe za Branscombe. Makontena yalipoteremshwa, wachunguzi wa Uingereza walipata fursa ambayo haikuwahi kutokea: walipima 660 ya juu ya sitaha ambayo hayakuingiwa na maji. Makontena 137, moja katika kila matano, yalikuwa na tofauti ya zaidi ya tani 3 na kilichoandikwa. Moja lilitofautiana kwa tani 20. Kwa jumla yalikuwa mazito kuliko karatasi kwa tani 312. Wachunguzi hawakusema uzito ndio uliovunja meli. Udhaifu wa mwili wake na mwendo wake kwenye mawimbi vilitajwa zaidi. Lakini namba zile zilikwisha kutoka hadharani na hazikurudi.

Tangu tarehe 1 Julai 2016 mkataba wa usalama wa baharini, SOLAS, unamtaka mtumaji athibitishe uzito kabla kontena halijapakiwa. Zipo njia mbili. Moja ni kulipima kontena zima likiwa limeshafungwa. Nyingine ni kupima kila kitu kinachoingia, pamoja na paleti na mbao za kuegemezea, kisha kuongeza uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Bila namba hiyo, halipandi.

Mwaka huohuo wa 2016 mambo mengine mawili yalitokea, na sijaona yakisemwa kwa pamoja. ISO ilipandisha tena kikomo cha uzito, safari hii hadi kilo 36,000 kwa vipimo vyote isipokuwa lile la futi 10. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawa na sheria yake moja ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Gari na mzigo wake visizidi tani 56, na hapo lazima liwe na ekseli 7. Semitrela ya ekseli 6, ile tuliyoizoea, mwisho wake ni tani 50.

Fanya hesabu. Kichwa na tela vitupu vina tani 17 hivi. Kontena la kilo 30,480 likikaa juu yake, jumla haifiki tani 48, linapita. Mawili ya futi 20 kwenye tela moja yanapita tu kama kila moja halizidi tani 16 na nusu pamoja na uzito wa kontena lenyewe. Na kontena la tani 36 halipiti kabisa kwenye ekseli 6: jumla ni tani 53. Sanduku limehalalishwa baharini kwa uzito ambao lori la kawaida la Ushoroba wa Kati au wa Kaskazini haliruhusiwi kuubeba.

Wanaoona mizani kuwa usumbufu wangepaswa kujua kuhusu jaribio lililofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, miaka ileile ambayo kamati ya Hall ilikuwa ikikata futi zake. Malori yalizungushwa usiku na mchana kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa unene tofauti, hadi vikavunjika. Ilionekana kwamba madhara kwa lami hayaongezeki sambamba na uzito wa ekseli. Yanaongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, barabara inaumia mara mbili, si kwa moja ya tano. Mashimo ya barabara zetu kuu yana sababu nyingi, lakini hii ni ya uhakika na imejulikana kwa zaidi ya miaka 60.

Bandari kavu zilianzishwa kwa sehemu ili kuondoa mzigo huu barabarani. Embakasi, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1984 ili kontena litoke Mombasa kwa treni. Isaka, wilayani Kahama, ilikusudiwa kupokea kwa reli mizigo ya Rwanda na Burundi iliyotoka Dar es Salaam. Treni haijali sana kama kontena lina tani 24 au 30. Behewa limeumbwa kwa ajili hiyo. Kila mara reli ilipodorora, tani zilirudi kwenye lami, na madereva na matingo wakarudi kulala foleni mizani.

Dereva ndiye anayesimamishwa. Kontena lilifungwa ng'ambo, lakiri yake ina namba, hana ruhusa ya kuifungua. Hakuwapo wakati wa kupakia na hajui kama mzigo umerundikwa mbele au nyuma, ingawa hilo peke yake linaweza kuzidisha uzito wa ekseli moja hata kama jumla iko sawa. SOLAS inamtaka mtumaji aipe meli na bandari ya kupakilia namba ya uzito. Haisemi lolote kuhusu mtu atakayelivuta upande wa pili, kutoka gatini hadi Lubumbashi au Kampala. Namba yenyewe ilishapelekwa kwenye meli iliyolileta kontena. Kinachotakiwa ni iandikwe pia kwenye hati ya kutolea mzigo, kabla lori halijatoka getini.